Mzigo Ulibebwa na Nani?
Vitabu vya Vita vya Majeshi ya Msafara na Fundisho la Mpaka wa Kusini-Magharibi

Mtu anayetoka Mbeya kwenda Zambia hupita Mpemba kabla ya kuingia Tunduma mjini. Hapo njia zinagawanyika. Barabara kuu inaendelea hadi mpakani na kuvuka kwenda Nakonde. Nyingine inachepuka kwenda Isongole, wilayani Ileje, hadi mpakani mwa Malawi. Reli ya TAZARA na bomba la mafuta la TAZAMA vinapita katika ukanda huo huo. Makada na wanafunzi tunaokutana nao katika mafunzo ya itikadi wanaufahamu ukanda huu kama njia ya malori na biashara. Wachache wanaufahamu kama njia ya vita. Na hata hao wachache, ukiwauliza habari za vita hivyo, watakutajia majenerali.

Sisi tunaona hilo ni kosa la kinadharia, wala si la kumbukumbu tu. Historia ya vita inayohesabu majenerali na kuacha kuhesabu mabega yaliyobeba mizigo yao ni historia iliyoandikwa na tabaka lililokuwa linabebwa. Katika makala hii tunakusudia kuchambua nadharia ya vita ya majeshi ya msafara, vitabu vyake vya mafunzo, na jinsi nadharia hiyo ilivyotekelezwa katika mpaka wetu huu. Kisha tutajiuliza jeshi la umma liliirithi nadharia hiyo kwa kiasi gani, na liliikataa kwa kiasi gani.

I. Jeshi la msafara na vitabu vyake

Kwa jeshi la msafara tuna maana ya jeshi linalotoka kwao kwenda kupigana katika nchi ya watu. Jeshi linalolinda kijiji chake hulala katika nyumba zake na hula mazao ya mashamba yake. Jeshi la msafara halina nyumba wala shamba mahali linapopigana. Kwa hiyo kila nadharia ya jeshi la namna hiyo, iwe ya kibeberu au ya ukombozi, lazima ijibu maswali mawili kabla ya kufyatua risasi ya kwanza. Nani atabeba mzigo? Chakula kitatoka katika ghala la nani?

Mabeberu waliyajibu maswali hayo kwa maandishi. Mwaka 1896 afisa wa Kiingereza, C. E. Callwell, alitoa kitabu kuhusu vile alivyoviita vita vidogo, yaani vita vya kuziteka na kuzitawala nchi za Asia na Afrika. Wizara ya Vita ya Uingereza ilikifanya kuwa kitabu cha mafunzo, na chapa yake ya tatu ilitoka mwaka 1906. Callwell hakuficha jambo. Alieleza kwamba katika vita vya makoloni adui mkubwa mara nyingi ni maumbile: umbali, kiu, homa na ukosefu wa njia. Alieleza pia kwamba pale ambapo wenyeji hawana mji mkuu wa kuteka wala jeshi la kusimama nalo uso kwa uso, jeshi la msafara liwapige kwa kuwanyang'anya mifugo na kuharibu mazao na vijiji.

Msomaji atazame mpangilio wa fikra hiyo. Nchi ya watu imehesabiwa kuwa maumbile. Wenyewe wanaoishi humo wanaonekana katika sura mbili tu: ama kizuizi cha kuondolewa, ama chombo cha usafiri.

Wajerumani hawakuwa nyuma. Katika miaka ya mwisho kabla ya Vita Kuu walikuwa na maandishi yao ya mafunzo kwa kazi za medani katika Afrika Mashariki. Kiini cha jeshi lao kilikuwa kampuni ya medani, iliyokusudiwa kuweza kwenda peke yake mbali na bohari: maafisa wachache wa Kizungu, askari Waafrika kati ya 150 na 200 hivi, bunduki za rashasha, na wapagazi wake yenyewe. Uzoefu waliojifunzia ulikuwa ni kuwapiga babu zetu. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, walipoona risasi haitoshi waliigeuza njaa kuwa silaha. Walichoma vijiji, wakachukua au wakateketeza nafaka, wakazuia watu wasilime. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika hadi 300,000, na walio wengi waliuawa na njaa. Basi, vita ya 1914 ilipoanza, nadharia ya kula ghala la mwananchi ilikuwa imekwisha kujaribiwa katika ardhi yetu.

II. Hesabu ya mpagazi

Tunawaomba wasomaji watulie katika hesabu moja ndogo, kwa sababu ndani yake mna siri nzima ya vita ile.

Tuchukue mpagazi mmoja mwenye mzigo wa kilo 25 za unga. Yeye naye ni mtu, anakula. Tuseme anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kutoka bohari hadi kwenye mstari wa mbele, na siku 10 kurudi, atakuwa amekula kilo 20. Askari aliyeko mbele amepata kilo tano. Umbali ukifika siku 12 za kwenda na 12 za kurudi, askari anapata kilo moja. Siku ya 13 ikiongezeka, hapati kitu: mpagazi amefanya kazi ya kubeba chakula chake mwenyewe.

Hesabu hii kila afisa wa ugavi aliijua. Njia za kuitatua zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kutumia wanyama na magari. Lakini mbung'o waliua farasi, nyumbu na maksai kwa maelfu, na magari yalikwama katika matope. Ya pili ni kuongeza wapagazi, na wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi. Ya tatu ni kumpunguzia mpagazi posho ili mzigo mwingi zaidi ufike mbele, na kuchukua nafaka ya wanakijiji njiani. Majeshi yote mawili yalitumia njia ya pili na ya tatu kwa pamoja. Kumpunja mpagazi chakula hakukuwa ukatili wa afisa mmoja mwenye roho mbaya. Kulitokana na mfumo wenyewe.

III. Mei 1916 na Novemba 1918

Mpaka huu wetu ulichorwa na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890. Waingereza waling'ang'ania kubaki na Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ndiyo maana mstari ukapita mahali unapopita. Wanyamwanga walijikuta wengine Waingereza na wengine Wajerumani bila kuulizwa.

Vita ilipofika, mapigano yalianza mapema. Tarehe 9 Septemba 1914 Wajerumani waliishambulia Karonga wakarudishwa nyuma kwa hasara. Waafrika walikufa pande zote mbili. Miezi miwili na nusu baadaye Mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland aliliandikia gazeti la huko barua ya kupinga Waafrika kuitwa kufa katika vita isiyowahusu. Januari 1915 aliongoza uasi dhidi ya wakoloni, na tarehe 3 Februari aliuawa. Tunamtaja hapa kwa sababu aliona mapema lile ambalo vitabu vya majenerali vililificha. Aliuliza: vita hii ni ya nani, na anayekufa ni nani?

Mwaka 1916 Waingereza walikusanya kikosi chao cha mpakani chini ya Jenerali Edward Northey. Kilikuwa na askari wa King's African Rifles, polisi wa Rhodesia na walowezi wa Afrika Kusini, jumla yao ikiwa karibu bunduki 2,600. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Mei kikosi hicho kilivuka mpaka katika safu nne, kwenye mstari mrefu wa kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi upande wa Ziwa Tanganyika. Fife, ng'ambo tu ya Tunduma ya leo, ilikuwa moja ya vituo vya kuanzia. Ngome za Wajerumani za Namema na Luwiwa zilizingirwa, lakini waliokuwamo walipenya wakaondoka. Kufikia mwisho wa Mei Waingereza walikuwa Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Tarehe 8 Juni walikuwa Kasanga. Na mwishoni mwa Agosti wakaingia Iringa.

Katika vitabu vya vita mwendo huo unasifiwa kwa wepesi wake. Na sisi tunauliza: wepesi huo ulitoka wapi? Shehena zilipanda Ziwa Nyasa kwa meli hadi Karonga, na kule Rhodesia ya Kaskazini zilipita kwa mitumbwi katika ziwa la Bangweulu na mto Chambeshi. Kutoka hapo zilipanda vichwani. Hao wabebaji waliitwa watengatenga. Malawi peke yake wanakadiriwa kufikia laki mbili katika vita yote. Kila kilometa ambayo safu za Northey ziliingia ndani ilirefusha ile hesabu ya mpagazi, na kila siku iliyoongezeka ilikatwa katika chakula chake, blanketi lake na uhai wake. Watu wa tambarare za joto walipandishwa katika nyanda za baridi na mvua. Waliwaua zaidi kuhara, homa ya mapafu na malaria kuliko risasi.

Miaka miwili baadaye vita ilirudi katika ukanda huu kutoka upande wa pili. Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akifukuzwa Msumbiji, alivuka tena Ruvuma mwishoni mwa Septemba 1918, akapita Njombe, akaja pande hizi za Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba akaishambulia Fife. Kisha akaingia Rhodesia ya Kaskazini hadi Kasama. Habari za kusimamishwa vita Ulaya zilimkuta karibu na mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya leo. Siku ile alikuwa na Wazungu 155, askari Waafrika wanaozidi kidogo 1,100, na wapagazi wapatao 1,500. Hadi mwisho wenyewe, waliobeba walikuwa wengi kuliko waliopiga.

Wako wanafunzi wanaomsifu Lettow kuwa mwalimu wa vita vya msituni. Hapo tupambanue mambo. Ni kweli alikwepa majeshi makubwa na kupiga mahali asipotazamiwa. Hata hivyo, vita vya msituni vya umma husimama juu ya ridhaa ya umma. Yeye alisimama juu ya ghala la mkulima, alilolichukua na kuliacha tupu, na nyuma yake akaja Mwingereza kuchukua kilichosalia. Wagogo, ambao nchi yao ilinyang'anywa ng'ombe, nafaka na vijana na majeshi yote mawili, waliita njaa iliyofuata Mtunya. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa Ugogo. Hao hawakuandikwa katika orodha ya jeshi lolote.

IV. Hesabu ilivyofichwa

Kwa upande wa Waingereza peke yao, watu waliotumiwa kama wapagazi katika vita ile wanakadiriwa kufikia milioni moja, na waliokufa karibu laki moja. Upande wa Wajerumani hesabu haikutunzwa ipasavyo. Katika Dar es Salaam kambi ya kikosi cha wapagazi ilituachia jina la Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Mwaka 1927 wakoloni walisimamisha sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam. Maandishi yake yanawataja wapagazi kwa sifa, lakini kaburi lenye jina mpagazi hakupewa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kwa wenyewe kukiri: mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo mkulima alinyang'anywa mara tatu. Alinyang'anywa nguvu zake, akanyang'anywa nafaka yake, kisha akanyang'anywa jina lake.

V. Jeshi la kurithi na jeshi la umma

Katika Vita Kuu ya Pili King's African Rifles walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Waafrika wakawa sasa jeshi la msafara wao wenyewe, wakiwapigania waliowatawala. Walifundishwa shabaha na kwata kwa Kiswahili. Sababu ya vita hawakuwa na haki ya kuijadili. Jeshi la namna hiyo ndilo tulilorithi mwaka 1961. Tarehe 20 Januari 1964 lilipoasi kwa sababu ya mishahara na maafisa wa Kizungu, Taifa liliona hatari ya bunduki isiyokuwa na siasa. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa wiki chache baada ya Idi Amin kunyakua madaraka Uganda, uliweka ulinzi wa Taifa mikononi mwa umma wenyewe, na mgambo wakafundishwa kote nchini.

Lakini mfano ulio wazi kabisa tuliuona kwa wenzetu wa FRELIMO, walioanza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964. Silaha zao zilivuka Ruvuma na kuingia Cabo Delgado na Niassa zikiwa vichwani mwa watu. Mtu wa juu juu angesema ni upagazi ule ule. Sivyo. Wanawake wa Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO walipata mafunzo ya siasa na ya silaha Nachingwea. Waliobeba walijua wanabeba nini, wanampelekea nani na kwa sababu gani, na wengine wao walikuwa ndio wapiganaji. Mzigo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya anayebeba na anayepigana.

Na hapa Mpemba fundisho hilo limelala juu ya ardhi. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilihatarishwa kwa kukatiwa njia zake za kusini. Tanzania na Zambia, kwa msaada wa China, zikajenga reli ya kilometa 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Bomba la mafuta lilikuwa limekwisha kukamilika mwaka 1968. Ukanda ambao Northey aliupitisha vichwani mwa watengatenga ukapitisha mabehewa. Huo nao ni ugavi wa vita, vita vya ukombozi, ila mzigo umewekwa juu ya chuma.

VI. Kagera na wajibu wa kujikosoa

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, yakaua, yakapora, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu alilieleza Taifa kwamba tunayo sababu, tunayo nia na tunao uwezo. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalikusanywa. Wananchi walichanga ng'ombe, nafaka na fedha. Mgambo waliungana na askari. Miongoni mwa makamanda alikuwamo David Musuguri, aliyewahi kuwa askari wa King's African Rifles Madagaska. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeanguka, na mapema Juni majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan, sehemu kubwa ya njia kwa miguu.

Tulikuwa sasa jeshi la msafara. Je, tulipimwaje? Kwa sehemu kubwa tulifaulu. Hatukukamata watu wa Uganda kuwa wapagazi, na Waganda walipigana bega kwa bega nasi. Lakini nadharia isiyojikosoa hugeuka kuwa wimbo. Januari 1979 mji mdogo wa Mutukula ulibomolewa, na raia waliuawa. Mwalimu alichukizwa, akaamuru raia na mali zao wasiguswe. Hata hivyo mwezi uliofuata majengo mengi ya Masaka na Mbarara yaliharibiwa kulipiza kisasi cha Kagera. Hasira ya askari aliyeona Kagera inaeleweka. Lakini kuchoma mji ili kumwadhibu mtawala wake ni ukurasa wa Callwell, hata ukisomwa na mtu mwenye haki.

Tuongeze jambo la pili. Vita ile inakadiriwa kutugharimu dola za Marekani milioni 500. Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni za sabuni, sukari na unga. Mkulima wa Mbozi na Ileje aliulipa mzigo ule kwa uhaba wa mbolea na nguo. Vita ya haki nayo hubebwa na mabega. Tofauti ni kwamba wanaobeba wanastahili kuambiwa ukweli kuhusu uzito wake.

VII. Maswali ya kada

Tangu hapo vijana wetu wamekwenda tena ugenini: Anjouan nchini Komoro mwezi Machi 2008, na mashariki ya Kongo kuanzia 2013, ambako Desemba 2017 askari wetu 15 waliuawa katika shambulio moja kwenye kambi yao karibu na mto Semuliki. Kwa hiyo maswali tunayouliza si ya makumbusho. Kila kada anaposoma habari za jeshi lolote la msafara, la jana au la leo, letu au la wengine, aulize manne:

Kwanza, limetumwa na nani, na kwa maslahi ya tabaka gani?

Pili, mzigo wake unabebwa na nani, na je, anayebeba ameambiwa sababu?

Tatu, linakula kutoka ghala la nani, na linalipa?

Nne, likiondoka, nani atahesabu waliokufa bila bunduki mkononi?

Kitabu cha mafunzo kisichokuwa na majibu ya maswali hayo kitafundisha shabaha nzuri na vita mbaya.

Tunawaachia makada wa Mpemba, Tunduma, Mbozi, Momba na Ileje kazi moja ya vitendo. Katika koo zetu bado yamo majina ya mababu waliochukuliwa kubeba mizigo ya Mwingereza au ya Mjerumani wasirudi. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Kila tawi lifungue daftari, liwaendee wazee hao kwa adabu na liandike: jina, kijiji, alichukuliwa na jeshi gani, mwisho wake alionekana wapi. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Tukiimaliza, ndipo tutakapoweza kusema tumeanza kuiandika historia ya mpaka huu kwa mkono wa waliobeba.